Damu ya Kwetu, Damu ya Kwao

Nilizaa pacha, wa kike na wa kiume, na kabla hawajaweza hata kujigeuza kitandani nilishajua kwamba nimeletewa watu wawili wasiofanana. Wa kiume alilala popote ulipomweka. Cherehani ya baba yake ingurume, mvua ipige bati, wageni wabishane sebuleni, yeye kalala, mdomo wazi. Wa kike alishtuka mlango ukifunguliwa. Nikibadili kanga niliyozoea kumbebea, analia. Mtu mwingine akimshika, anajikaza mwili mzima hadi vidole vya miguu vinasimama. Tumbo moja, ziwa moja, kitanda kimoja, na bado yule mmoja dunia ilimgusa kidogo tu, na huyu mwingine ilimchoma.

Nyumbani kwetu Ibighi, mjini Tukuyu, watu hawakukaa kimya juu ya jambo hilo. Mume wangu alikuwa fundi wa nguo. Baba yake alikuja Tukuyu kutoka Pwani enzi za wakoloni akiuza kanzu na kofia, akamleta na mke wa hukohuko kwao. Mimi ni binti wa mkulima wa Lufingo, mtu wa ndizi na chai, na nilisilimu nilipoolewa. Kwa hiyo mtoto alipolia, kila upande ulikuwa na pa kutupia lawama.

"Kilio cha namna hii kwetu hakijulikani," mama mkwe alikuwa akisema, huku akimtazama mtoto kama mtu anayekagua samaki sokoni. "Hii damu ya milimani. Watu wagumu, wabishi."

Mama yangu naye alishuka kutoka Lufingo na mkungu wa ndizi kichwani, akautua, akamwangalia mjukuu wake akijikunja mikononi mwake. Wazee wa kwetu zamani waliwaogopa pacha, na nilimwona akimeza maneno fulani. Aliyoyatoa yalikuwa haya: "Mwanangu, sisi watoto wetu hawaogopi watu. Hii ni damu ya maji ya chumvi."

Walisema hayo mbele ya mtoto mwenyewe, tena wakinywa chai. Mambo ya ukoo nilikuwa nimeyasikia tangu utoto, lakini siku zile ndipo yalipoanza kunitia kinyaa. Mtoto mchanga anashtushwa na mlango, na wanawake wawili wazima wanashindana kumkana.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Kila mtu aliruhusiwa kuuza, kufungua, kuanzisha. Marobota ya mitumba yalikuwa yameanza kupanda hadi Tukuyu, na mtu akiweza kupata koti la Ulaya pale sokoni, nani atakaa wiki nzima akimsubiri fundi? Mume wangu alikuwa akishona kuanzia asubuhi, sasa akawa anakaa mlangoni na futi yake shingoni akiwaangalia watu wanavyopita na nguo za watu wengine. Vituo vya zamani vya kulelea watoto, vile vya kijiji na vya mashamba ya chai, navyo vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine. Hapo ndipo ilipofunguliwa shule ya vidudu ya kulipia, mtaa wa pili kutoka kwetu.

Mwenye shule alikuwa mama mmoja aliyerudi kutoka Dar es Salaam na nywele za kubandika na sauti ya puani. Tulimwita Madamu. Alikuwa amepanga nyumba ambayo nyuma yake ilikuwa stoo ya baa, akapaka ukuta wa mbele rangi ya waridi na kuchora watoto wamevaa tai. Ndani watafundishwa Kiingereza tupu, alisema. Wazazi wa mjini walijaa. Mtoto wa miaka mitatu akitoka pale na kumwambia babu yake "gudi moning", babu hajui hata kama ametukanwa au ameamkiwa, lakini nyumba nzima inapiga makofi.

Madamu alikuja dukani kwa mume wangu akampa tenda ya sare. Sketi, kaptula, sweta, tai, zote. Akatazama pacha wetu waliokuwa wanacheza na vitambaa sakafuni, akasema, "Na hawa nitawachukua. Watapendeza kwenye picha." Mume wangu alikubali kwa kutikisa kichwa. Ndivyo alivyokubali kila kitu maishani mwake. Alikuwa mtu mpole asiyeongea, na kwa muda mrefu nilidhani ndivyo Mungu alivyomuumba.

Mwana wa kiume alikwenda pale kama anayekwenda kwa shangazi yake. Wiki chache tu anaimba nyimbo za Kiingereza asizojua maana yake, anahesabu, anapiga saluti. Binti yangu, ambaye hadi siku ile alikuwa anaongea nyumbani, tena kwa maneno marefu kuliko ya kaka yake, alianza kupunguza. Kwanza aliacha kuuliza. Kisha akaacha kujibu. Akaanza kujikojolea mchana, kitu alichokuwa amekwisha kukiacha. Nikimvalisha sketi ya shule, ile aliyoishona baba yake mwenyewe, anatapika. Nilimpeleka hospitali, wakampima malaria, wakampima minyoo, hawakuona kitu.

Nilimwendea Madamu langoni.

"Mama pacha, nikwambie ukweli," alisema. "Huyu wa kike kichwa chake ni kizito. Ni mambo ya kurithi. Angekuwa ni mtoto mmoja ungesema labda shule ndiyo mbaya. Lakini mwenzake mbona anaelewa? Mwalimu ni yuleyule, uji ni uleule, darasa ni hilohilo. Basi kosa liko wapi? Liko kwenye damu."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo, na kwa bahati mbaya nilimsimulia mama mkwe. Alipiga kofi moja la ushindi. "Si nilisema!" Hadi leo nakumbuka sauti ya kofi lile.

Kilichonifungua macho hakikuwa binti yangu. Alikuwa kaka yake, yule aliyekuwa "anaelewa". Siku moja nilikuwa napepeta mchele uani nikamwona amejikatia fimbo, amepanga machipukizi ya migomba kama darasa. Akapita mbele yake, kifua mbele, sauti ya puani. "Wewe! Simama! Mkojozi!" Akachapa chipukizi moja hadi likatoa maji. Halafu akayageukia mengine. "Mchekeni! Wote, mchekeni!" Akacheka mwenyewe kwa niaba ya wote, kicheko chembamba kisicho na furaha ndani yake. Dada yake alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni amejiziba masikio.

"Nani kakufundisha mchezo huo?" nilimuuliza.

"Si mchezo, mama. Ni shule."

Kesho yake nilichukua mzigo wa masweta aliyomaliza kushona baba yao nikajifanya naupeleka. Sikupitia lango la rangi ya waridi. Nilizunguka nyuma, kwenye mlango ambao zamani walikuwa wanaingizia makreti ya bia.

Harufu ndiyo iliyonipokea. Mkojo wa zamani uliokaukia kwenye mikeka na kulowana tena na mkojo mpya, maziwa yaliyoganda, na chini yake harufu ya pombe ambayo sakafu ile ilikuwa haijaiacha. Dirisha lilikuwa moja, juu, limezibwa na boksi kwa sababu ya baridi. Watoto walikuwa wamebanana kwenye mabenchi, pua zinachuruzika, hakuna wa kuwafuta. Kwenye kona kulikuwa na ndoo ya uji wenye nzi juu yake, na kikombe kimoja cha plastiki, kimoja tu, kikizunguka kutoka mdomo hadi mdomo, kamasi kwa kamasi. Msichana aliyeitwa mwalimu alikuwa amesimama na mwiko wa kusongea ugali. Hakuwa amefundishwa kazi ile. Nilikuja kusikia baadaye kwamba alikuwa mtumishi wa ndani wa Madamu.

Binti yangu alikuwa sakafuni. Walikuwa wamechukua mikono ya sweta lake, bila kumvua, wakaifunga kwenye mguu wa benchi. Amelowa hadi kwenye soksi. Alikuwa haliangalii darasa, anaangalia ukuta, na midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti.

"Mchekeni," alisema yule msichana kwa uchovu, kama mtu anayesoma kitu kwa mara ya mia.

Wakacheka. Watoto wadogo, wa miaka mitatu, minne. Na kwenye benchi la mbele mwanangu wa kiume alikuwa anacheka kuliko wote.

Nimewahi kuona mengi ya kuchukiza. Nimewahi kusafisha jipu la mtu mzima, nimewahi kuosha maiti. Hakuna kilichowahi kunipandisha nyongo kama kicheko kile. Nilitapika palepale mlangoni, juu ya masweta mapya. Kisha nikaingia nikafungua fundo. Lilikuwa limekazwa vizuri. Mtu alilifunga kwa utulivu.

Madamu alitokea kutoka nyumba ya mbele, kikombe cha kahawa mkononi.

"Mama pacha, huku hatuingii bila taarifa."

"Nani kamfunga mwanangu?"

"Hajafungwa. Ameshikizwa. Anasumbua wenzake."

"Umemfunga kama mbuzi."

"Sikiliza." Akashusha sauti, akaniwekea mkono begani, na nilihisi baridi ya mkono ule kupita kwenye nguo. "Huyu wala usihangaike naye. Wekeza kwa yule wa kiume. Wengine wamezaliwa hivyo, hata ungempeleka Ulaya."

Niliutoa mkono wake. Nilimwambia, na nilisema kwa sauti ili hata yule msichana asikie, "Mimi nilikuwa nafikiri unauza Kiingereza. Kumbe unauza uchafu." Nikambeba binti mgongoni akiwa amelowa vilevile, nikamvuta kaka yake mkono, nikatoka kwa lango la mbele, mbele ya akina mama waliokuwa wanasubiri. Baadhi yao waliona. Waliona mtoto anavyotiririka, waliona uso wangu. Kesho yake walileta watoto wao kama kawaida. Hilo nalo linanichukiza, na siwezi kulipunguza kwa kusema walikuwa hawajui.

Mume wangu alisikiliza habari yote bila kuinua macho kwenye cherehani. Mama mkwe alikuwa pale, anatunga ushanga. Yeye ndiye aliyeongea.

"Sasa tenda ya sare itakwenda. Kwa ajili ya mtoto mwenye woga tu! Hata baba yake huyu alikuwa hivyohivyo. Akishtuka ovyo, akilia ovyo, akitapika. Alipopelekwa kwa mjomba wake Pwani akanyooka."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mama, unasema alikuwa hivi?"

"Hivihivi. Basi si kapona?"

Kumbe miaka yote ile aliyosema damu ya milimani, alikuwa anajua. Alimlea mtoto wa aina ileile kabisa, akamwona mjukuu wake akitoka sawasawa na mwanawe, na akaona ni rahisi zaidi kunitupia mimi na watu wangu. Nilimtazama mikono yake ilivyokuwa inaendelea na ushanga.

Aliyesema alikuwa mume wangu. Alisimamisha cherehani kwa kiganja.

"Mjomba alikuwa na ghala la mbata," alisema. Alikuwa anaongea na kitambaa. "Nazi zilizokaushwa. Giza, panya, harufu ya mafuta. Nikilia ananifungia humo mpaka nikome." Akakinyoosha kitambaa kwa kidole gumba. "Nikakoma."

Mama yake akaanza, "Lakini ilikusaidia..."

"Mama, nimekoma kila kitu," alisema. Hiyo ndiyo mara pekee niliyowahi kumsikia akimkatiza mama yake. Kisha akanigeukia mimi. "Mpeleke kwenu. Wote wawili. Sare watashona wengine."

Nilipanda nao Lufingo. Pale kwetu kanisa lilikuwa bado linaendesha kituo cha watoto, kwenye banda la mabati lililokuwa limejengwa kwa ajili ya chai. Mama mkwe aliposikia ni la kanisa alilalamika mtaa mzima. Mwalimu alikuwa mwanamke wa makamo, mkubwa wa mwili, mwenye kelele, aliyesomea kazi ile chuoni wakati serikali ilipokuwa bado inajali mambo hayo. Hakuwa malaika. Aligombana na wazazi waliochelewesha kuni za zamu, alitukana mvua, na alinusa ugoro. Lakini banda lake lilikuwa linafagiliwa, kila mtoto alikuwa na kikombe chake kimetundikwa msumarini, na uji ulikuwa mzito, wa ulezi na maziwa.

Alimwangalia binti yangu aliyejificha nyuma ya kanga yangu, asimguse.

"Akae mlangoni," alisema. "Na wewe kaa naye. Asiambiwe aingie."

"Mpaka lini?"

"Mpaka miguu yake yenyewe imlete."

Tulikaa mlangoni. Mama yangu alipita akitoka shambani, akatikisa kichwa, akanisalimu kwa lugha ya kwetu, "Ndaga, mwanangu, umekuwa mwanafunzi?" Mwanangu wa kiume aliingia siku ya kwanza, akakuta watoto wanafinyanga udongo, akakaa akafinyanga. Kwake yeye ilikuwa kama hakuna kilichobadilika. Alijifunza herufi kule kwenye mkojo, akajifunza herufi na huku, kwa mwendo uleule. Watoto wa namna hiyo wapo, na watu kama Madamu wanawatumia kama ushahidi.

Binti alianza kwa kusogea hatua moja ndani ya kizingiti. Kisha akawa anachota maji ya kulainishia udongo, kwa sababu mwalimu alisema, bila kumtazama, kwamba hakuna wa kuchota. Baada ya hapo akawa analeta maji na kubaki. Siku alipoongea, alimwambia mtoto mwenzake, "Ng'ombe wako hana mkia." Sauti ilikuwa inakwaruza kama mlango wa nyumba iliyohamwa. Nililia, na mwalimu akanigombeza nisimshtue.

Nilimuuliza yale ya damu. Nilitaka mtu aniambie kwamba ni uongo, kwamba damu haina lolote.

"Damu ipo," alisema. "Huyu kazaliwa na ngozi nyembamba, ndivyo alivyo, na nadhani kuna mtu kwenu anafanana naye. Kelele ikimgusa mwenzake mara moja, yeye inamgusa mara mbili. Basi na upole pia utamgusa mara mbili. Wengi hiyo ya pili huwa hawaifikirii."

Ilikuwa kweli, nami niliiona kwa macho yangu. Ule ugonjwa wote waliosema anao uligeuka ukawa kasi ya kujifunza. Alichokuwa anakisikia kupita kiasi sasa alikuwa anakisikia kwa faida yake: tofauti ya ndege na ndege, herufi inayofanana na nyingine, uso wa mwenzake unaotaka kulia. Kufikia wakati wa kuingia darasa la kwanza alikuwa amempita kaka yake, tena mbali. Walikuwa wale wale pacha.

Kwa yule wa kiume kilichobaki ni kicheko. Kilichukua muda mrefu kuliko herufi. Mtoto akianguka, anacheka. Bibi yake wa Lufingo alipojikata na panga alicheka, kisha akatushangaa tunavyomtazama. Hakuwa na roho mbaya. Alifundishwa tu, vizuri, na mtu aliyelipwa ada. Mwalimu alikuwa anamtuma kila mara mtoto mwenzake akilia aende kumfuta, hadi mkono wake ukazoea. Sasa ni baba wa watoto, anaendesha lori la mbao, na nadhani kilikwisha. Lakini mara mojamoja katika mazungumzo nakisikia kile chembamba.

Binti ni mpima ardhi Sumbawanga. Bado hapendi vyumba vyenye watu wengi. Madamu alipanua biashara, akajenga shule nyingine kubwa yenye geti la chuma, na kwenye arusi moja alimwambia jirani yangu kwamba yule msichana aliyefaulu sana alianzia kwake, ndipo alipopata msingi. Jirani alinieleza akitabasamu, akitarajia nifurahi.

Mume wangu alikuja Lufingo mwishoni mwa msimu ule wa kwanza, kwa miguu kutoka stendi, na sukari mfukoni. Nilimpeleka kwenye banda. Alivua viatu, akakaa kwenye mkeka kati ya watoto, mtu mzima na miguu yake mirefu imekunjwa. Mwalimu alimtazama mara moja akaendelea na kazi. Binti yetu alimletea udongo uliokwisha kulainishwa, akauweka mbele yake, akamwonyesha jinsi ya kuanza. Alikaa pale hadi watoto walipoagwa, na alipoinuka vidole vyake vilikuwa vimekauka udongo hadi viungoni. Alishuka navyo hivyo hadi mjini, bila kunawa.